Herufi Moja

Saa tatu usiku, Hull. Mvua ya upepo
inalipiga dirisha la jikoni kwa ubavu.
Nimeosha sufuria, nimefuta meza mara mbili,
nimewasha kompyuta aliyoniachia mwanangu
alipohamia Leeds, yenye kitufe cha N kilichong'oka.
Kushoto picha ya ukurasa. Kulia maneno ya mashine.
Kazi yangu ni kuwapatanisha.

Mashine imekula Kiingereza ikashiba.
Kiswahili inakisoma kama mgeni
anayesoma kibao cha njia, gari likiwa mwendoni.
Mama imemwandika rnarna.
Lala imeifanya 1a1a, na tarakimu hazilali.
Ng'ombe ameibiwa ritifaa yake,
amebaki ngombe, mnyama nisiyemjua.
Ukurasa wa arobaini, doa la chai
la msomaji wa zamani limegeuzwa herufi O.
Nilicheka peke yangu, nikalifuta,
kisha nikajiuliza kama sijamfuta mtu.

Penye wengi, walisema, hapaharibiki neno.
Sisi tuko sita, na yanaharibika kila usiku.
Doreen Applegarth wa Bridlington, miaka themanini na mmoja,
anashika vitabu vya bustani;
huokota mkato uliopotea
kama achambuaye mchele penye mwanga hafifu.
Ifan, dereva wa treni kule Wrexham, ana riwaya za polisi.
Huanza na sura ya mwisho,
ili hamu ya kumjua muuaji isimkimbize.
Hatujawahi kuketi meza moja.
Mimi ndiye Kiswahili. Yaani Kiswahili chote
cha orodha ile ni mimi
na miwani yangu ya pauni nne.

Anayekisubiri kitabu hiki ni mtu mmoja,
Somoe Athumani, wa Cardiff,
mwalimu wa jiografia aliyestaafu.
Presha ya macho ilimwachia kwanza ukungu,
halafu ikauchukua na ukungu.
Alikisoma akiwa msichana, kikiwa hakina jalada.
Alinipigia simu mara moja tu:
"Usinisahihishie mwandishi, mwenzangu.
Nisahihishie mashine."

Ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Mashine imeandika:
*Baba yake alikuta alfajiri.*
Alikuta nini? Nikasogeza uso kwenye picha.
Wino umechakaa, kichwa cha herufi kimeliwa,
lakini ni F. Hakuna ubishi, ni F.

Nikainuka kuchemsha maji.
Kwa muda wa birika moja mzee yule alikuwa hai,
anakuta tu:
anakuta kitasa hakijafungwa,
anakuta uji ungali moto, kiatu cha pili chini ya kitanda,
anamkuta binti yake, ambaye katika sura ifuatayo
atauza cherehani, ameshika uzi mdomoni,
bado hana haja ya kuuza chochote.
Birika likajizima. Nikatia majani, sukari vijiko viwili,
nikakoroga kuliko inavyohitajika.

Nikarudi. Nikaweka kidole.
Somoe hakuniomba huruma,
aliniomba kitabu.
*Alikufa.* Nikahifadhi. Nikageuza ukurasa,
na binti akaanza kulia kwa tahajia sahihi
isipokuwa chozi moja, lenye sifuri katikati.

Wiki tatu baadaye simu ikalia,
nami nikajiandaa kushukuriwa.
"Ukurasa wa tisa," akasema Somoe, "mstari wa mwisho.
Umeniachia rnoto. Sauti ya mashine imejikwaa pale
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo."
Nikafungua, nikaangalia.
Kweli upo.
Nimeupita mara tatu, macho makavu, taa imewaka.
"Na mle ndani," nikamuuliza, "mengine yako sawa?"
Akanyamaza kidogo.
"Baba yake amekufa," akasema. "Nilikuwa nimesahau."
Kisha akaniuliza kama Hull nako kunanyesha.